Chombo Huzama Gatini

Maneno haya niliyasema mbele ya wavuvi, mabaharia na watu wa mwambao tulipokutana Tanga. Wengi walioyakosa walikuwa baharini siku ile, na mtu halaumiwi kwa hilo. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani, pamoja na pale nilipokatizwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, salaam aleikum. Na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma chini ya mkungu, sogeeni. Sauti yangu niliiacha kwenye vyumba vya mashine za meli, haifiki huko.

Naanza na swali. Nani kati yetu hana maiti wa baharini? Nasema ndugu, jirani, mtu mliyecheza naye, aliyetoka akaenda majini asirudi, au akarudi amefunikwa kanga. Asiye naye anyooshe mkono.

Naona mikono miwili. Watu wote hawa, mikono miwili. Na mmoja ni wa mtoto.

Swali la pili. Chombo kinazamishwa na nini? Semeni, msiogope.

(Wakajibu: upepo! Wimbi! Mwamba! Mzee mmoja wa mbele akasema, "Ajali haina kinga." Kijana wa nyuma akasema, "Mashetani!" Watu wakacheka.)

Haya. Mimi nilipanda jahazi la mjomba wangu nikiwa na miaka 13, kazi yangu kufua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo. Nikatoka hapo nikaenda kwenye meli za chuma, nikamaliza kazi nikiwa sarahangi, msimamizi wa mabaharia. Nimeona upepo, nimeona wimbi, nimeona mwamba. Mashetani sijawaona, labda walikuwa zamu ya usiku. Na baada ya miaka yote hiyo jibu langu ni hili: chombo huzama gatini. Huzama kamba ikiwa bado imefungwa. Huzama nahodha akiwa bado ana kikombe cha kahawa mkononi. Maji huja baadaye, yanamalizia tu.

Mtaniuliza, kivipi? Tukae nalo taratibu.

Tuanze na upepo, maana ndio mnaousingizia kuliko wote. Sisi watu wa pwani hii tumepewa upepo wenye adabu. Nani mwenzetu duniani anaambiwa mapema, kwa miezi, upepo utatoka wapi? Kaskazi inakuja kuanzia Desemba hivi, inakaa mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi inaingia Aprili, inapamba moto Juni na Julai, inavirudisha vyombo kwao. Katikati tuna matlai, bahari inatulia. Wazee walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha juu yake. Nahodha alijua yuko mwongo wa ngapi kama unavyojua leo salio la simu yako. Mwongo ulimwambia ondoka, au ulimwambia pandisha chombo mchangani, kalafati, paka shahamu na chokaa, oa mke wa pili, subiri.

Sasa nisikilizeni kisa cha mtu asiyesubiri. Na kisa hiki ni cha hapa hapa kwetu, ingawa mwenyewe alitoka Ureno.

Vasco da Gama mmemsoma shuleni. Mmeambiwa aligundua njia ya India, na sisi tukanakili hivyo kwenye daftari, kana kwamba babu zetu wa Malindi na wenzao wa Gujarati walikuwa wanafika huko kwa bahati mbaya. Aprili 1498 alipita mbele ya pwani yetu hii. Usiku, saa mbili kabla ya alfajiri, merikebu yake moja, São Rafael, ikapanda juu ya fungu, mahali penye maji mafupi, pale Mtangata. Mtangata ni wapi? Ni Tongoni. Waliotoka Tongoni leo wako wapi? Haya, pale kwenu. Maji yakapwa, merikebu ikabaki kavu kama ngalawa ya mtoto. Maji yakajaa, ikaelea, ikaondoka. Na wakati imekaa pale, watu wa pwani wakawaendea na mitumbwi, wakawapelekea machungwa. Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Watu wa Muheza, msivimbe vichwa.

Akafika Malindi, akapewa rubani. Huyo rubani ni nani? Miaka mingi tuliambiwa ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa aliyeandika vitabu vya njia za bahari, vya nyota, vya pepo. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali kwamba ni yeye, na mimi naona afadhali. Yule mzee hakuhitaji sifa hiyo. Awe nani, rubani alikuwa mtu anayejua. Waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, kusi changa nyuma yao. Siku 23 wakaiona nchi ya India. Siku 23, bahari nzima! Nanyi mnajua rubani yule alishika njia namna gani? Hakuwa na setilaiti. Alikuwa na dira, chubwi ya kupimia kina, na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Anauma uzi kwa meno, anakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota, anahesabu mafundo. Huku kwetu nyota ya jaa, ile ya kaskazini, haionekani, tuko kusini mno, imezama. Kwa hiyo unakwenda na nyota nyingine, na siku ile nyota ya jaa inapochomoza mbele yako chini kabisa, unajua umeshavuka ikweta. Ikipanda vidole kadhaa, unajua uko sawa na bandari unayoitaka, unageuza omo.

Sasa kurudi. Hapo ndipo penye kisa.

Gama aligombana na watu wa Calicut, bandari ya India aliyofikia, akataka kuondoka. Mwezi Agosti mwishoni. Kila mvuvi wa ile pwani angemwambia: bwana, kaskazi bado, subiri. Hakusubiri. Akazungukazunguka pwani ya India, mwanzo wa Oktoba akakata bahari. Mara shwari, mara upepo wa usoni. Njia ile ile. Merikebu zile zile. Watu wale wale. Kwenda walitumia siku 23. Kurudi walitumia karibu miezi mitatu. Januari 2, 1499 ndipo walipoiona pwani ya Afrika, Mogadishu.

Na miezi mitatu bila tunda wala mboga inafanya nini mwilini? Kiseyeye. Ufizi unavimba mpaka unafunika meno, mtu hali, miguu inavimba, anakufa. Walikufa watu 30 katika kuvuka kule, juu ya wengine 30 hivi waliokuwa wamekwisha kufa kabla. Kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kuvuta kamba. Saba au wanane! Walipofika Malindi wagonjwa waliomba kitu gani? Machungwa.

Wakashuka kusini, na hawakuwa tena na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Ikabidi moja wachome moto. Waliichoma ipi? São Rafael. Waliichoma wapi? Pale pale, kwenye mafungu ya Mtangata, ilikokuwa imekwama miezi tisa nyuma. Mkienda Tongoni mkiona magofu na makaburi yale ya kale, geuzeni macho baharini pia.

Nawauliza: merikebu ile ilizama Tongoni? Haikuzama Tongoni. Ilizama India, siku yule bwana alipoambiwa na msimu "leo hatuondoki", naye akasema tunaondoka.

Leo hatuondoki. Shikeni maneno hayo mawili. Katika ubaharia wote, kufunga fundo si kazi, kushika usukani si kazi, kubisha kwenye upepo wa mbele ni kazi lakini inafundishika. Kazi ni kusimama mbele ya watu waliokwisha kulipa nauli ukasema: leo hatuondoki.

Mjomba wangu alisema hivyo mara moja, nikiwa na miaka 15, na nikamwonea aibu.

Tulikuwa na shehena ya vitunguu na saruji kidogo, na abiria kama 20 wanaokwenda Pemba kuchuma karafuu. Mnaujua Mlango wa Pemba. Kina chake ni mamia ya mita, na mkondo unapita humo kwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma unazidi kasi. Upepo na mkondo vikienda pamoja, bahari inakuchukua kama inakubeba mgongoni. Maji ya kupwa yakikutana na upepo wa usoni karibu na milango ya miamba, wimbi linasimama wima, fupi fupi, halikupi nafasi ya kupumua. Siku ile mjomba alitazama mawingu, akatazama maji, akamtazama baharia wake mkubwa. Akatua tanga. Akasema, leo hatuondoki.

Vitunguu vinaoza. Abiria wanalia njaa. Mwenye mali akaja gatini, akamtukana mbele yetu sote, akamwita mwanamke. (Mama zangu, samahanini, ndivyo alivyosema, angewajua nyinyi asingedhani ni tusi.) Siku ya pili tena hatukuondoka. Siku ya pili hiyo hiyo jahazi la jirani, shehena kubwa kuliko yetu, likatweka tanga likatoka. Abiria wetu nusu walihamia huko. Sisi tulikaa gatini tunanusa vitunguu.

Mnadhani nitasema lile jahazi lilizama, sivyo?

Halikuzama. Lilifika Wete salama. Nahodha wake akarudi wiki ile ile, akanunuliwa kahawa mji mzima, na mjomba wangu aliitwa Nahodha Vitunguu mpaka anakufa.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo, maana hili silo linalosemwa kwenye semina. Bahari inamlipa mzembe. Inamlipa mara tisa. Ukipakia kupita kiasi leo, pengine utafika. Kesho utafika. Mwaka mzima utafika, na kila ukifika unaona wale waoga wamekosa fedha na wewe umezipata. Yule nahodha hata hakufa majini. Alikufa kitandani kwake na wajukuu wamemzunguka. Lakini alikuwa na kijana wake wa tezi, huko nyuma ya chombo, umri wangu, aliyekuwa akitazama yote yale na kujifunza kwamba inawezekana. Kijana yule alipata chombo chake. Akaondoka siku ya namna ile ile. Lilipatikana foromali tu, mti wa kushikia tanga, limeelea mbele ya Kigombe.

Nani alimzamisha?

Tuje kwenye shehena. Hapa nitasema majina ya vyombo, kwa sababu yameandikwa kwenye makaburi.

MV Bukoba, Mei 21, 1996, Ziwa Victoria, karibu kufika Mwanza. Uwezo wake watu 430. Waliokuwamo wangapi? Daraja la kwanza na la pili waliandikwa kwenye orodha; wa daraja la tatu hawakuandikwa. Basi mpaka leo ukitaka kujua idadi ya waliokufa, kila mtu anakupa yake, na nyingi zinapita 800. Hebu fikirini. Mtu alikata tikiti, akapanda, akafa, na hakuna karatasi inayosema alikuwapo. Meli ilipinduka, tumbo likabaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu hai wanagonga. Wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa wapate kuwatoa, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwenye tundu, meli ikaenda chini. Sisemi hili kuwasuta waliotoboa. Ningekuwapo pale, ningesikia watu wanagonga, ningetoboa kwa meno.

Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994. Kivuko. Walikufa watu 272. Mita 40 hivi kutoka bandarini! Mtu angeweza kurusha kamba.

MV Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, kati ya Nungwi na Pemba. Ruhusa yake ilikuwa watu 600 na kitu. Tume ya uchunguzi ilisema waliokuwamo walipita 2,000. Walionusurika walishikilia magodoro. Walishikilia mafriji. Bidhaa za watu, zilizokuwa sehemu ya mzigo ule ule.

MV Skagit, Julai 18, 2012, karibu na Chumbe. Hii ilijengwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani, kule ambako ghuba imezungukwa na nchi. Ikaletwa huku ikavuka Dar es Salaam na Unguja mwezi wa Julai, kusi imekomaa. Ngalawa ya ziwani usiipeleke mlangoni, wazee walisema hivyo hata kabla ya chuma.

MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo watu 101. Waliokufa 228. Siku ya gulio. Kivuko kinakaribia gati, watu wameshaliona, wanasogea upande mmoja wateremke haraka.

Mmegundua kitu? Mtongwe, Ukara, Bukoba: nchi inaonekana. Gati linaonekana. Watu wanachukua mizigo yao begani. Ilikuwa ni hesabu, na hesabu ilifanyika walikotoka.

Naona vijana mnatikisa vichwa, mnasema hao ni wenye meli kubwa, sisi ni watu wa mashua. Haya njooni kwenye mashua. Ukikaa ndani ya mtumbwi, unatulia. Ukisimama, unatetemeka. Kwa nini? Uzito umepanda. Basi kila gunia unaloweka juu ya gunia, kila mtu anayepanda juu ya mzigo kwa sababu chini hakuna nafasi, mtumbwi umesimama. Chombo kilichopakiwa chini huinama na wimbi kikarudi. Kilichopakiwa juu huinama, kinafikiri, kisha hakirudi. Hicho kitambo cha kufikiri, aliyewahi kukisikia miguuni hasahau. Na maji ya ngama yakiwa mengi ndiyo mabaya zaidi, maana chombo kikiinama nayo yanakimbilia upande ule ule kwenda kusaidia.

Huko Uingereza zamani wenye meli walikuwa wanapakia vyombo vibovu kupita kiasi, wamekata bima kubwa. Kikifika, faida, kikizama, faida zaidi. Mabaharia waliviita majeneza. Akatokea mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, hakuwa baharia hata kidogo, alikuwa mfanyabiashara ya makaa ya mawe. Akapiga kelele bungeni mpaka siku moja akawaonyesha wenzake ngumi, wakamwona kichaa. Sheria ikapita 1876: kila meli ichorwe mstari ubavuni, maji yakiufunika, umepakia kupita kiasi. Mstari huo ndio ule mnaouona kwenye meli pale bandarini, duara limekatwa na mstari katikati, na pembeni herufi. T ni ya bahari za joto kama yetu, W ya majira ya baridi, F ya maji baridi yasiyo chumvi, maana ziwani chombo huzama chini zaidi kuliko baharini kwa mzigo ule ule.

Ninachoupendea mstari ule ni kwamba hausomwi na mtu mkubwa peke yake. Mpagazi anausoma. Mama muuza vitumbua aliyekaa gatini anausoma. Huna haja ya shahada. Sasa mashua zetu zina mstari? Hazina. Nani anakukataza kuchora? Rangi kopo moja. Subiri siku ya shwari, pakia mpaka pale wazee wa hapa watakaposema basi, chora. Siku nyingine ukiwa na tamaa, mstari ndio utakaosema badala yako.

Hapo naingia kwenye kusema, na nitagombana na methali moja. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mnaijua. Ni ya kweli kwenye dhoruba. Katikati ya wimbi hatupigi kura. Lakini sisi tumeihamisha, tumeileta gatini, na gatini imeua. Kila kijana akiona maji yamefika karibu na ukingo, akifungua mdomo, anaambiwa manahodha wengi. Kila abiria akiuliza majaketi okozi yako wapi, anaambiwa manahodha wengi. Mjomba wangu, kabla hajasema leo hatuondoki, alimtazama nani? Alimtazama baharia wake mkubwa. Na baharia yule alitikisa kichwa. Kidogo tu, hivi. Mimi nilidhani anafukuza nzi. Miaka mingi baadaye nikiwa sarahangi ndipo nikajua lilikuwa neno zima.

(Hapa kijana mmoja akauliza: "Sasa babu, zama hizi tuna simu, ina ramani, ina hali ya hewa. Hayo ya kutazamana ya nini?")

Swali zuri. Mwanangu, simu naipenda. Asubuhi naisoma mwenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, sibishani nao, na wewe usibishane. Mjomba wangu angetoa jahazi lake nusu kupata habari ile. Lakini ngoja nikwambie cha mpwa wangu. Alikuwa anarudi usiku kwa boti ya injini, simu mkononi, ramani inaonyesha buluu mpaka nyumbani. Buluu tupu. Akakata mkato. Sasa ramani ya kwenye simu ile inajua kupwa na kujaa? Haijui. Maji yetu ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Pale paliporangiwa buluu, saa nne ya usiku bamvua panaota mchanga, unaweza kucheza mpira. Akapanda fungu kwa kasi, akapasua ubao wa chini, mwenzake akavunjika mkono. Simu ikaingia maji. Walikaa juu ya fungu, maji yakaanza kurudi, magotini, kiunoni. Waliokolewa na mzee wa mshipi mwenye taa ya karabai aliyekuwa anapita, ambaye hana simu ya ramani lakini anajua pale ni fungu tangu utoto. Mpwa wangu yupo, amekaa pale, ameinama. Usiiname, umeshalipa.

Basi simu chukua. Iweke kwenye mfuko wa nailoni, chaji ijae. Na dira chukua, haina chaji. Na jaketi okozi livae. Nimeona watu wanalifanya mto, wengine wanalikunja wakalikalia wasilowe. Jaketi lililo chini ya makalio litaokoa makalio.

Na lingine dogo, halina gharama. Acha jina. Unapotoka, mwambie mtu: tumetoka watatu, tunakwenda upande fulani, tutarudi saa fulani. Mwambie mkeo, mwambie muuza kahawa, andika ukutani kwa mkaa. Wale wa daraja la tatu kwenye MV Bukoba hawakuacha jina kwa mtu yeyote, na si kosa lao, hawakuulizwa. Wewe usingoje kuulizwa.

Muda umekwenda, jua linatuchoma, na naona sufuria za pilau zinafunuliwa. Niwaulize la mwisho. Nani anatoka usiku wa leo? Nyoosheni mikono. Watu wa dagaa najua mmepumzika, ni mbalamwezi. Watu wa mishipi? Watu wa nyavu? Naona mmoja, wawili, wanne, sita.

Nyinyi sita. Maji ya jioni leo yanajaa saa ngapi?

(Kimya. Mmoja akatoa simu mfukoni.)

Rudisha simu. Saa ngapi?

(Kimya tena. Kisha msichana wa shule, aliyekuja na mama yake mkulima wa mwani, akasema kutoka upande wa kina mama: "Mwezi mpevu ulikuwa juzi. Siku ya mwezi mpevu maji hujaa saa kumi. Kila siku yanachelewa karibu saa nzima kasoro kidogo. Leo yatajaa kama saa kumi na moja na nusu.")

Na yatakupwa kabisa?

("Kuelekea saa sita ya usiku.")

Na pale mlangoni, kwenye njia ya kupita miambani, nyinyi sita, mlipanga kupita saa ngapi?

(Mmoja wao akasema, "Saa sita.")

Binti, njoo ukae huku mbele. Na wewe wa saa sita, njoo ukae karibu naye.